Mgeni Hafukuzwi Mvuani

Serge aliikataa chai mara ya pili, na shangazi Marie-Louise akaliweka birika mezani kwa kishindo.

"Hata ya maziwa?"

"Asante sana, mama. Nitakunywa maji."

"Maji!" Shangazi akamgeukia kaka yake. "Grégoire, umesikia? Mutu anatoka Kabambare na pikipiki, udongo mpaka mu masikio, anafika kwa wakwe, anaomba maji! Kanisa gani hii inagombana na majani?"

Emilienne, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia mikononi, alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na sinia lake.

"Kuna mchaichai nyuma ya nyumba, tantine," alisema haraka. "Ile anakunywa. Nitamuchemshia."

"Aaa! Kumbe vile anakunywa unavijua vyote." Shangazi akamkonyeza, na Emilienne akakimbilia jikoni uso ukimwaka.

Jamani, mapenzi hayana siri hata kwenye majani ya chai! Mwezi mmoja na nusu alikuwa akiihesabu siku hii kwenye vidole, na sasa ilipofika, alimwaga maji nje ya sufuria. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia, kwa ile sauti yake ya kanisani isiyopanda wala kushuka: "Akuje. Nitamuuliza. Akinijibu vizuri, nitasema ndiyo. Akinijibu vibaya, Emilienne, mutu huyu hutamuona tena mu kiwanja yangu." Na Kasongo nzima inajua kwamba neno la Grégoire likishatoka halirudi. Miaka ishirini na saba ni katekista wa parokia. Amefundisha nusu ya mji ishara ya msalaba, na nusu ile nyingine, wale wa msikitini, wanamsalimu kwa heshima kuliko wanavyosalimiana wenyewe.

Kwenye kiti cha mbao, magoti pamoja kama mwanafunzi anayengoja matokeo, alikaa Serge. Shati jeupe, tai nyeusi, doa la tope begani. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Kabambare, na alikuwa Mmormoni. Mwenyewe hulitaja kanisa lake kwa jina lake lote, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na msikilizaji akichoka kabla ya kufika mwisho yeye hucheka tu. Alibatizwa Lubumbashi akiwa masomoni, akahubiri miaka miwili Kananga, akarudi kwao. Hapa Kasongo wenzake wote ni watu tisa wanaosali sebuleni kwa mmoja wao. Emilienne alikutana naye mwaka jana kwenye semina ya walimu, Serge alipomwazima kalamu ya buluu na asiidai tena. Kalamu hiyo mpaka leo ilikaa kwenye nywele za Emilienne, imechomekwa nyuma ya sikio, na wino ulikuwa haujaisha.

Aliporudi na kikombe cha mchaichai, maswali yalikuwa yameanza.

"Umebatizwa?" aliuliza Grégoire.

"Ndiyo, baba."

"Kwa jina ya nani?"

"Ya Baba, na ya Mwana, na ya Roho Mutakatifu."

"Si ni yetu hiyo hiyo!" Marie-Louise akapiga makofi. "Grégoire, maneno imekwisha. Tuite wazee."

"Nyamaza, Marie-Louise. Hata mimi nilisema vile. Halafu Alhamisi nikaenda kwa padiri." Grégoire alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Padiri akaniambia, maneno ni moja, lakini Kanisa yetu haihesabu maji yenu. Anasema huyo Baba na huyo Mwana, namna munawafahamu ninyi si namna tunawafahamu sisi, tena munasoma kitabu ingine pembeni ya Biblia. Mukitaka ndoa kwetu, ni kuomba ruhusa ya askofu, kama vile binti yangu anaolewa na mutu asiyebatizwa. Nilitembea kutoka kule mpaka hapa na sikuona njia. Sasa nakuuliza wewe. Huyu Emilienne, nilimushika na mikono hii juu ya maji, ana siku nane tu. Kwenu ninyi, amebatizwa?"

Emilienne alimtazama Serge. Sema ndiyo, alimsihi kwa macho. Neno moja tu, mpenzi wangu, mengine tutayapanga baadaye.

Serge alimtazama naye, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya mkwe. Lilikuwa lile tazamo lililomfanya Emilienne ampende, tazamo la mtu asiyejua kudanganya. Leo alilichukia.

"Hapana, baba," alisema Serge. "Kwetu, kama mwenyewe atataka, itabidi abatizwe."

Shangazi akashika kichwa.

"Lakini mimi ni Mukristo, baba. Yule Yesu namuomba asubuhi na jioni ni yule alikufa musalabani, sina mwingine. Watu wakisema mimi si Mukristo, inaniumiza."

"Inakuumiza." Grégoire aliirudisha miwani usoni. "Na mimi je? Umekaa mu kiti yangu umeniambia nimelea mupagani, na mimi nisiumie?"

"Sikusema vile, baba."

"Ulisema. Sawa. Na hiyo arusi yenu? Nasikia munafungia mu hekalu, kule Kinshasa. Mimi baba yake nitakaa fasi gani?"

Serge aliinyosha tai yake. "Inje, baba. Ndani wanaingia watu wa kanisa tu. Lakini kuna kiwanja muzuri. Kuna viti."

"Viti," alisema Grégoire.

Nje upepo ulianza kuyapiga madirisha. Emilienne aliwatazama wote wawili. Huku baba, huku Serge, na kila mmoja anasema kweli yake, na kila kweli ni ukuta. Angepata hata mmoja mwenye hila kidogo, angepita katikati.

"Nionyeshe hiyo kitabu yenu," alisema Grégoire. "Nisihukumu kitu sijaona."

Serge alifungua mkoba, akatoa Biblia, akatoa na Kitabu cha Mormoni, akavitoa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Katikati ya vitabu hivyo kikachomoka kijitabu chembamba, kikaanguka miguuni mwa Grégoire.

Emilienne alikijua kijitabu hicho.

Grégoire alikiokota, akakifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya ukoo wa Serge, wote waliokufa, na miaka yao. Ukurasa wa pili ulikuwa na jina moja tu, kwa wino wa buluu. Alilisoma kimya. Kisha akalisoma kwa sauti.

"Apolline. Amezaliwa Nyangwe." Akasoma siku na mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Akasoma na ule wa kufa. "Jina ya bibi yangu, mama ya Emilienne, inafanya nini humu?"

Alimnyoshea Serge ukurasa ule.

"Nakuuliza, kijana. Ni ya kufanya nini?"

"Baba," Serge alisema polepole, "kwetu tunaamini wafu hawajafungiwa mulango. Mutu akikufa bila ubatizo wetu, ndugu yake anaweza kuingia mu maji kwa fasi yake, mu hekalu. Yule marehemu kule aliko akitaka, anapokea. Asipotaka, anaacha. Jina sijalituma popote. Sheria yetu ni kuomba kwanza ruhusa ya mwenye mufu, na leo nilikuja kukuomba."

Grégoire alisimama. Emilienne hakuwahi kumwona baba yake akitetemeka midomo, hata siku aliyosimama kaburini kwa mkewe.

"Apolline alibatizwa. Alipewa kipaimara. Alizikwa na rozari mu mukono. Na wewe unataka kumuchota kaburini umutie mu maji kama vile alikuwa hajui Mungu? Nani alikupa jina hii?"

"Niliandika mimi, baba. Kosa ni yangu."

"Siulizi aliandika nani! Siku ya kuzaliwa ya bibi yangu, Kabambare haiko mutu anaijua. Marie-Louise, ni wewe?"

"Mimi?" Shangazi akaruka. "Mimi hata siku yangu mwenyewe siijui, nitajua ya Apolline?"

"Basi ni nani?"

Serge alitazama mikono yake. "Kosa ni yangu," alirudia.

Hakumtaja. Wala hakudanganya. Emilienne alielewa anachofanya, na moyo ulimpasuka kwa upendo na hasira, maana yeye ndiye aliyempa Serge jina hilo, miezi mitatu iliyopita, mbele ya ua wa shule. Alilitaja herufi kwa herufi, na Serge akaandika kwa kalamu hii iliyokuwa nyuma ya sikio lake sasa. Akisema, atamvunja baba. Akinyamaza, Serge ataondoka na kosa lisilo lake, na hatarudi.

"Toka," alisema Grégoire. "Panda pikipiki yako, urudi kwenu. Na wewe Emilienne, umesikia jibu."

Serge akainuka, akachukua mkoba. Alifika mlangoni, na ndipo mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote kwa mara moja juu ya mabati, hata mtu wa kiti cha pili asisikike. Kiwanja kikageuka mto palepale, na pikipiki ikazama mpaka nusu ya gurudumu.

Marie-Louise alisimama katikati ya mlango, akatanua mikono.

"Kaka!" alipiga kelele. "Mugeni hafukuzwi mvuani! Mama yetu alitufundisha hivyo, na wewe ulikuwapo! Hata kama ni mwizi wa kuku, mvua iishe kwanza!"

Grégoire alimtazama dada yake, akaitazama mvua. Akakaa. Kwa kuwa yeye alikaa, Serge naye ikabidi akae, kwenye kiti kilekile, na mkoba juu ya magoti.

Basi wakafungiwa humo wanne. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, hewa nzito, hakuna anayemtazama mwenzake, na mchaichai unapoa mezani bila kuguswa. Dakika kumi. Robo saa. Mvua za msimu huu hazina huruma, zinaweza kumshika mtu mpaka magharibi. Emilienne aliiombea mvua isikatike, maana ikikatika Serge anakwenda. Kisha akaiombea ikatike, maana asingeweza kuvuta pumzi. Alimtazama Serge, na Serge akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Usiseme.

Ni hicho kilichomfanya aseme.

"Baba! Ni mimi!"

Grégoire aliweka kiganja nyuma ya sikio. Mvua ilikuwa imeyala maneno. Siri ambayo hakuwahi hata kuinong'ona, sasa ilimpasa aipigie kelele.

"Jina ya mama, nililitoa mimi! Serge hakuniomba! Mimi ndiye nilimwambia aandike!"

Mzee alibaki na kiganja sikioni.

"Kwa nini?"

"Sababu ya mutoto, baba."

Hapo Marie-Louise alikaa chini. Kwa miaka minane katika nyumba ile hakuna aliyelitaja neno hilo. Wote walijua habari. Apolline alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, wakati Grégoire yuko kanisa la kijiji mbali, njia ya Kabambare, anawatayarisha watu wa Pasaka. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Akalala huko, na usiku huo aliitwa kumbatiza mtoto wa watu aliyekuwa akizimia, akambatiza, na mtoto yule akapona. Alipofika kwake, alikuta makaburi mawili, kubwa na dogo. Hilo ndilo walilojua wote.

"Mutoto alipumua," alisema Emilienne. Alikuwa amesogea mpaka magotini pa baba yake ili asiendelee kupiga kelele, lakini sauti ilikuwa haimtii tena. "Walikuambia alizaliwa mufu. Hapana. Alizaliwa alfajiri, akapumua mpaka saa sita ya mchana. Mama alikuwa amekwisha kwenda. Mukunga akaniambia, wewe ni binti ya katekista, chota maji, sema yale maneno, huyu hafiki jioni. Nilijua, baba. Ulitufundisha mwenyewe, kama mutu iko karibu na kufa, hata mutoto wa shule anaweza kubatiza. Nikachota maji mu kikombe. Nikasimama. Maneno ikakataa kutoka. Nikasema baba atafika, baba iko njiani, atafanya mwenyewe. Nikakungoja na kikombe mu mukono mpaka akatulia."

Alishika magoti ya baba yake kwa nguvu.

"Miaka nane, kila mutoto nikimutazama, hata wale nafundisha, namuona yule. Serge akaniambia kwao mutoto mudogo hana zambi, hana lazima ya maji, akikufa anaenda kwa Mungu palepale na mama yake atamukuta. Baba, siku ile nililala. Mara ya kwanza nililala. Nikamwambia, andika jina ya mama yangu, amufikie mutoto yake."

Marie-Louise alikuwa analia waziwazi, akijifuta kwa kitenge.

"Nilizani ni mimi," alisema Grégoire mwishowe. "Nilizani ni mimi peke yangu. Nilibatiza mutoto wa wengine, wangu nikakosa." Aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, pale kwenye kalamu. "Ulikuwa na miaka kumi na sita, mama yangu. Kikombe ile ilikuwa ya kwangu kubeba."

Kisha akainua uso kumtazama Serge. Macho yake hayakuwa ya mkwe wala ya katekista.

"Nijibu tena, wewe usiyejua kudanganya. Mimi nimewaambia wamama wengi, watoto wao tunawaacha mu huruma ya Mungu. Ndivyo Kanisa linafundisha, na ninaamini. Lakini yangu mwenyewe nikisema, haishuki mu moyo. Kwenu, mutoto yangu iko wapi?"

"Kwa Mungu, baba," alisema Serge. "Haiko kitu anadaiwa. Hata sisi hatungemubatiza. Tungemuandika tu, pembeni ya mama yake, asibaki inje ya familia."

Grégoire alinyosha mkono bila kutazama, akachomoa kalamu kwenye nywele za Emilienne. Akakifungua kijitabu magotini. Kwanza akapiga mstari mmoja juu ya jina la Apolline, taratibu, ulionyooka kama wa rula.

"Bibi yangu alimaliza yake. Musimuguse."

"Hatutamugusa, baba."

Chini ya mstari ule akaandika kitu, mkono ukisita, akarudi juu yake kuukoleza wino. Emilienne aliyasoma maandishi yakiwa kichwa chini: Fadhili. Hakujua kwamba yule mdogo wake wa kiume alikuwa na jina. Hakuna aliyejua. Baba alikuwa amelibeba peke yake miaka yote minane, bila mtu wa kumpa.

Mvua ilikuwa inapungua. Kwenye mabati sasa palisikika tone moja moja.

"Sikia vizuri," alisema Grégoire. "Kwa padiri utaandikwa 'hajabatizwa'. Wewe, muhubiri wa miaka mbili. Utasimama mbele ya watu wote wa Kasongo, na watu watasema katekista amemupa binti yake mupagani. Utakubali?"

Emilienne aliona shingo ya Serge ikikaza. Aliijua fahari ile, aliipenda na aliiogopa. Alikaribia kusali, lakini hakujua asali kwa namna ya nani.

"Kwenu mimi sijabatizwa," alisema Serge. "Kwetu, yeye hajabatizwa. Basi tutasimama sawasawa, baba, sitamuzidi na hatanizidi. Nakubali."

"Na hekalu yenu?"

Serge alimtazama Emilienne kwanza. "Siku moja, baba, akitaka mwenyewe. Sitaficha."

"Usifiche." Grégoire alishusha pumzi. "Siku hiyo mutaenda wawili na mimi viti vyenu sitakalia. Hiyo ni ya kwenu na ya Mungu, na itaniuma, ujue. Lakini ya kwanza itafungwa hapa, kwa macho yangu. Ya mutoto mumoja nilifika nimechelewa. Ya huyu sitakosa."

Emilienne alitaka kucheka na kulia, na hakuweza lolote, kwa maana aliona vizuri kuta hazijaondoka. Siku moja atasimama mbele ya mlango wa Kinshasa, na atachagua, na mmoja wa wanaume hawa wawili atabaki nje. Ila leo hakuna aliyefukuzwa.

"Mvua imekwisha," alisema Grégoire. "Njia ni mrefu. Kunywa majani yako, uende."

Serge aliunywa mchaichai uliopoa, wote, mpaka makapi. Shangazi akasema walau huyu anajua kumaliza kikombe. Mlangoni, Serge na Emilienne walisimama mbali kwa hatua mbili, kwa heshima, wakitazamana mpaka Marie-Louise akakohoa.

"Baba," alisema Serge, akinyosha mkono. "Kijitabu yangu."

Grégoire hakukitoa. Alikuwa amekifunga na kukikandamiza kifuani kwa viganja vyote viwili.

"Kinabaki," alisema. "Utakuja kukichukua siku ya arusi."

Pikipiki ikawaka kwa taabu, ikakata maji ya kiwanja, ikashika njia ya Kabambare. Emilienne alibaki kizingitini akiisikiliza mpaka ikapotea. Nyuma yake, ndani ya nyumba, baba yake alikuwa amekifungua tena kijitabu cha Wamormoni, na alikuwa analiita jina la mwanawe kwa sauti, polepole, mara ya kwanza, na mara ya pili.